Msitu wa kijiji umeungua misimu miwili mfululizo: tupande, tuuache, au tuchome mapema?

Mjumbe wa Kamati (Kilwa) anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji katika wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Kijiji chetu kina msitu wa hifadhi ambao sehemu yake kubwa ni miombo: mitondoro, miyombo, mininga na mikongo, na mipingo kwenye mabonde yenye udongo mzito. Kando ya mto kuna msitu mnene wa pwani, ambao wazee wetu hawakuruhusu kabisa moto kuufikia.

Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichoma mapema, mwezi Juni, ili kupunguza nyasi kabla ya kiangazi kukolea. Mwaka 2024 mpango huo ulivurugika. Masika yalikuwa mazito, kisha tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikatupitia na kumwaga mvua iliyokata barabara. Tulipoingia msituni Juni kwa kufuata ratiba, tulikuta nyasi zimenipita kimo lakini bado ni mbichi. Ukiwasha, moto unafuka moshi mweupe kwa hatua tatu au nne kisha unazimika. Posho ya siku hizo ilikuwa imeshatumika, tukaandika kwenye daftari kwamba kazi imefanyika, na hatukurudi tena. Mwishoni mwa Septemba, watu walipokuwa wakisafisha mashamba ya ufuta, moto ulitoka mashambani ukaingia msituni na kuwaka kwa siku tatu. Mwaka 2025 ukapita tena palepale.

Nimezunguka eneo hilo mara nyingi. Miti mikubwa mingi imesimama ikiwa na gome jeusi hadi usawa wa kichwa changu, lakini miti midogo, ile yenye unene wa mkono, karibu yote imekauka. Sasa kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka moto wa aina yoyote upigwe marufuku. Wapo wanaosema tuendelee kuchoma mapema. Na wapo wanaotaka tukubali miche ya mitiki ambayo mfanyabiashara mmoja yuko tayari kutuletea, kwa hoja kwamba msitu umekwisha na ardhi isikae bure. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu: msitu wa namna hii unarudishwaje, na ratiba yetu tuirekebisheje wakati mvua zenyewe hazina tena tarehe?

Bibi Misitu Mstaafu (Morogoro):

Ndugu Mjumbe, pole sana kwa hasara hiyo, na ahsante kwa kueleza ukweli wa lile daftari, kwa sababu jambo hilo hutokea mahali pengi na halisemwi.

Nianze na miti. Kabla hamjaamua kwamba msitu umekwisha, chukueni kisu mkaingie kwenye eneo lililoungua. Kwaruzeni gome la kila kisiki na kila mti mdogo uliokauka, karibu kabisa na ardhi. Mkikuta utando wa kijani na unyevu chini ya gome, mti huo haujafa. Kilichokufa ni shina la juu tu. Mtondoro na myombo hujirudisha zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu, na mpingo pia huchipua kutoka kwenye mizizi. Mninga una tabia ya kipekee: mche wake hukauka juu kila kiangazi, na kila masika hutoa shina jipya, huku chini ya ardhi mzizi ukizidi kunenepa mwaka hadi mwaka. Unaweza kukaa hivyo miaka mingi ukionekana kama kijiti kisicho na maana, hadi siku mzizi unapokuwa na akiba ya kutosha kurusha shina juu ya kimo cha miali ya moto. Mtu anayelima pale na kung'oa vijiti hivyo ili apande mche wa wiki kumi na mbili kutoka kitaluni anaondoa mti wenye umri wa mwanawe na kuweka mche mchanga mahali pake.

Kwa hiyo, kuhusu mitiki, jibu langu ni hapana, angalau si ndani ya eneo lenye visiki hai. Mtiki una soko, sikatai, na nje ya hifadhi mtu anaweza kuupanda shambani kwake. Lakini mkiondoa mizizi ya miombo mmeondoa kitu ambacho hakuna kitalu kinachoweza kukirudisha.

Sasa moto. Mwaka 1933, karibu na Ndola, nchini Zambia, watafiti walitenga vipande vya miombo: vingine vikachomwa kila mwaka mapema, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, na vingine vikazuiliwa moto kabisa. Baada ya miongo kadhaa tofauti ilionekana kwa macho. Palipochomwa kila mwaka kwa kuchelewa, miti ilitoweka na nyasi zikatawala. Palipozuiliwa moto, msitu ulifunga na kuanza kuingiwa na miti na vichaka vya kijani kibichi cha mwaka mzima. Palipochomwa mapema, miombo iliendelea kuwa miombo. Nimefanya kazi nikiwa na matokeo hayo kichwani kwa muda wote wa utumishi wangu, na kila nilipokwenda kwenye kijiji kilichoniambia kuwa moto wote ni adui, au kwamba moto wote ni desturi, niliwaeleza kwamba kinachoua miombo ni moto wa Septemba na Oktoba unaorudi kila mwaka. Wakati huo nyasi zimekauka kabisa, upepo una nguvu, na miti yenyewe imeshatoa majani mapya mekundu ikisubiri mvua. Miali hupanda juu, hubabua majani hayo machanga pamoja na maua, na mti hulazimika kutumia akiba ya mizizi mara ya pili katika msimu mmoja.

Wanaotaka marufuku kamili nawaelewa, kwa kuwa wameona msitu ukiungua. Hata hivyo, msitu wa miombo ambao haujachomwa kwa miaka mitatu au minne hukusanya nyasi na majani makavu mengi, na siku moto unapoingia kutoka shambani, kama ulivyoingia kwenu, hamtakuwa na uwezo wa kuuzuia kwa matawi mabichi. Marufuku ina maana mahali ambapo mna watu, zana na njia za kuzuia moto zinazofyekwa kila mwaka. Msipokuwa navyo, mtakuwa mmeahirisha tu moto hadi siku ambayo hamkuichagua.

Kuhusu ratiba, futeni tarehe na mwandike dalili. Ingieni msituni kuanzia Mei mkiangalia nyasi zenyewe: shika konzi ya nyasi, ipinde, ikivunjika nusu na nusu ikakunjika bila kukatika, wakati umekaribia. Washeni kipande kidogo mchana. Moto ukienda kwa unyonge na kuacha mabaka yasiyoungua, huo ndio moto mnaoutaka. Ukizimika, rudini baada ya wiki moja au mbili, na posho igawanywe kwa safari tatu fupi badala ya siku tano za mfululizo. Ukikimbia na kupanda juu ya kiuno chenu, mmechelewa kwa eneo hilo. Acheni, mwende kwenye maeneo yenye unyevu zaidi. Chomeni alasiri kuelekea jioni, moto ukienda kinyume na upepo, ili umande wa usiku uumalizie. Mwaka wenye mvua nyingi kama 2024 huzaa nyasi nyingi ambazo hukauka kwa kuchelewa lakini zikikauka huwa ni kuni nyingi kuliko kawaida. Ndio mwaka wa kurudi msituni mara nyingi zaidi, na ndio mwaka ambao ratiba ya karatasi inapotosha zaidi. Kwa jinsi hali ya hewa inavyokwenda, miaka ya namna hiyo na miaka ya ukame itafuatana bila mpangilio tuliouzoea, na nafasi ya kuchoma kwa usalama itakuwa fupi na isiyo na siku maalumu.

Nyongeza moja ya kisheria: Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu inayohusu moto, na inamtaka anayechoma uoto awe na kibali na awaarifu majirani. Uchomaji wa mapema uandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa msitu wenu na kwenye sheria ndogo, ili mjumbe wa kamati asije akakamatwa kwa kazi aliyotumwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Mrina Asali (Sikonge):

Nakubaliana na Bibi Misitu kwa sehemu kubwa, lakini nina angalizo ambalo nimelipata kwa hasara. Sisi wafugaji nyuki wa Tabora tunaishi kwa miombo, na nimeona vijiji vilivyopokea somo la kuchoma mapema vikaligeuza kuwa kuchoma kila mahali kila mwaka. Moto wa mapema ni mpole kwa mti mkubwa, lakini kwa chipukizi lenye kimo cha goti moto wowote ni moto. Eneo likichomwa kila Juni, machipukizi hukatwa kila Juni, na baada ya miaka kumi unakuta wazee wamesimama peke yao bila warithi.

Ombi langu kwa Kilwa ni kwamba lile eneo lililoungua mara mbili lisichomwe kabisa kwa miaka mitatu au minne, hadi machipukizi yapite kimo cha mtu. Chomeni kulizunguka, mkanda mpana, mapema kabisa, na mkanda huo uwe ndio ulinzi wake. Baada ya hapo lirudi kwenye mzunguko, na eneo jingine lipewe zamu ya kupumzika.

Niseme pia kuhusu sisi wenyewe, kwa sababu lawama zinatuhusu. Mrina asali anayetumia kijinga cha moto usiku na kukiacha chini ya mti ni chanzo cha moto, na mzinga wa gome humuua mti unaobanduliwa. Katika kikundi chetu tulikubaliana kila mmoja awe na bomba la moshi na kwamba hakuna anayepanda mtini bila dumu la maji chini. Ilichukua misimu miwili kabla watu hawajazoea. Na ipo imani ambayo niliikuta kwa wazee wa kwetu, kwamba ukiwasha moto ukaenda mbali, nawe utaishi miaka mingi. Vijana huicheka, lakini nimekutana na mtu mzima aliyewasha pori kwa sababu hiyo. Hakukamatwa, na sidhani kwamba kumkamata kungesaidia. Wazee wenzake walimwita, wakampeleka kuona mizinga yetu sitini iliyoteketea, na yeye mwenyewe ndiye sasa anayetupa taarifa akiona moshi.

Mwana wa Mlimani (Marangu):

Ninaandika kutoka upande mwingine kabisa wa nchi, kwa hofu kwamba msomaji wa huku kwetu anaweza kuyachukua maelezo haya mazuri akayatumia Kilimanjaro. Tafadhali, msichome mapema kwenye msitu wa mlimani.

Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, sehemu ya kupumzikia wageni kati ya vituo vya Mandara na Horombo, na taarifa ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza kwamba wapagazi walikuwa wakipasha chakula. Zaidi ya watu 500 walipanda kuuzima, wakiwemo vijana wa vijiji vyetu, na eneo lililotangazwa kuungua lilikuwa karibu kilomita za mraba 95. Nilikuwa miongoni mwa waliopanda. Jambo ambalo sikulijua kabla ni kwamba kule juu moto huingia ardhini. Udongo wenyewe ni majani na mizizi iliyooza kwa tabaka nene; unapiga miali kwa tawi, inazimika, unageuka, na baada ya saa moja moshi unatoka hatua kumi nyuma yako. Tulichimba kwa majembe usiku kucha.

Miti ya jamii ya Erika iliyoko juu ya msitu ina kazi ambayo haionekani kwa macho ya haraka: hunasa ukungu kwenye matawi na ndevu zake, na maji hayo hushuka kwenye chemchemi zinazolisha mifereji yetu ya asili. Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionyesha mwaka 2005 kwamba ukavu ulioongezeka umezidisha moto, kwamba moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji tunayopoteza kwa kuungua kwa msitu huo ni mengi kuliko tunayopoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Dunia nzima hutuuliza habari za barafu. Mimi ningependa tuulizwe habari za Erika.

Kwa hiyo huku, kurudisha msitu maana yake ni kuuzuia moto kwa nguvu zote, kudhibiti majiko na uvutaji sigara njiani, na kuuacha uoto urudi wenyewe kwa miongo. Chini, kwenye mashamba ya misindano ya Rongai na Kilimanjaro Magharibi, ni habari nyingine tena.

Mkulima wa Mbao (Mufindi):

Kuhusu misindano nitasema kwa ufupi. Msindano wetu una gome jembamba, na ukiungua hauchipui tena. Kwetu kupanda upya ni lazima. Tunachoweza ni kupogoa matawi ya chini ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia, kufyeka njia za kuzuia moto kabla ya Julai kwisha, na kukubaliana na wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, siku za kuchoma. Mwenye ekari mbili asiyefyeka huwaponza wenye ekari mia. Milingoti huchipua baada ya moto, lakini mbao zake huwa na kasoro.

Mjumbe wa Kamati (Kilwa):

Bibi Misitu, shikamoo, na ninyi ndugu zangu wote ahsanteni. Jana tuliingia msituni watu sita, wakiwemo wawili wa upande wa marufuku na mmoja wa upande wa mitiki. Tulifunga kamba mraba wa mita 10 kwa 10 na kukwaruza kila kisiki kwa kisu. Visiki 19, na 14 vilikuwa na ukijani. Yule mwenzetu wa mitiki ndiye aliyekuwa ameshika kisu, na alipofika kisiki cha tano aliacha kuzungumza.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni wafugaji. Tangu mwaka 2006 na 2007, wenzetu wengi walipohamia huku na mifugo yao kutoka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, tumekuwa na moto wa kutafuta majani mabichi, na hauna msimu. La pili ni kwamba upande wa mashariki kuna kipande ambacho kililimwa ufuta kwa miaka mingi kabla mipaka haijawekwa, na pale tulikwaruza hatukupata kisiki chochote chenye uhai.

Bibi Misitu Mstaafu (Morogoro):

Marahaba, mwanangu. Kumi na vinne kati ya kumi na tisa ni msitu.

Kuhusu wafugaji, msiwaite kwenye kikao cha kuonywa. Waiteni kwenye kikao cha kupanga. Wanachotaka ni chipukizi la nyasi wakati wa kiangazi, na mkanda ule wa ulinzi aliousema Mrina Asali, ukichomwa mapema ardhi ikiwa bado na unyevu, utawapa chipukizi hilo. Ng'ombe wakilisha kwenye mkanda, nyasi zinabaki fupi, na mkanda unakuwa imara zaidi. Lakini waambieni wazi kwamba eneo linalopumzika halilishwi, kwa kuwa machipukizi machanga hupondwa kwa kwato na kuliwa. Mkubaliane mipaka kwa kutembea pamoja, na alama iwekwe kwenye miti ambayo kila upande umeiona. Vijiji vya Kilwa havianzi na sifuri katika kazi hii: Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC, yaani cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao ya asili mwaka 2009, na uchomaji wa mapema ulifanyiwa majaribio wilayani humo katika mradi wa hewa ya ukaa. Ombeni siku mbili za kwenda kukaa na kamati zao.

Kipande cha ufuta ndipo mahali pa kupanda. Kulima kwa miaka mingi huua mizizi, na mbegu za miombo hazikai ardhini zikisubiri. Zile za mtondoro na myombo hurushwa ganda linapopasuka, lakini haziendi mbali na mti mama, kwa hiyo katikati ya kipande hazitafika leo wala kesho. Kusanyeni mbegu za mkongo, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, kutoka kwenye miti yenu wenyewe. Huota kwa urahisi, na mnaweza kuzifukia moja kwa moja mvua zikishika. Mninga ni mgumu zaidi, kwa sababu kulipasua ganda lake ni kazi na nyingi hazioti, hivyo wekeni nyingi mahali pamoja. Msipande kipande chote. Pandeni vikundi vidogo vidogo vyenye nafasi kati yake, mfyeke nyasi kuzunguka kila kikundi kila mwisho wa masika, na pembezoni mwachie miti mama ifanye kazi yake. Moto usiingie humo hata wa mapema, hadi miche ipite kimo cha mwenye kuipanda.

Na yule mwenzenu aliyeshika kisu, mpeni yeye usimamizi wa kipande hicho.